Mfupa gani kwa mtoto wa mbwa? Jibu linaanzia kinywani mwake

Mtoto wa mbwa wa miezi minne huguguna kila kilicho mbele yake: miguu ya viti, kamba za viatu, pembe za zulia, vidole vya wenye nyumba. Mwenye mbwa, akitaka kuokoa viatu vyake, huenda kutafuta mfupa, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Mmoja atamwambia mbwa wameguguna mifupa tangu enzi na enzi, mpe tu. Mwingine atamwambia mfupa ni mwiko kabisa. Wa tatu atashikilia kwamba mbichi ndio salama, uliopikwa ndio unaoua. Pakiti nazo zina maneno yake: asilia, salama kwa umri wote, husafisha meno.

Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli. Kinachowapotosha ni kuuzungumzia mfupa peke yake, bila kumwangalia anayepewa. Kitu ambacho mbwa mkubwa mtulivu hukilamba na kukiacha kinaweza kupasua jino la mbwa wa miezi sita, na kile ambacho mbwa wa miezi sita hawezi kukidhuru, wa miezi kumi anaweza kukikata na kukimeza mapande. Anayetaka kuchagua vizuri inabidi ajue kwanza kinywa cha mtoto wake kiko hatua gani. Ugumu wa kitu, ukubwa wake na namna kilivyotengenezwa hufuata baadaye.

Kinywa kinachojengwa upya

Mtoto wa mbwa huzaliwa hana jino hata moja. Meno ya utotoni huanza kuchomoza akiwa na wiki tatu hivi, na kati ya wiki ya sita na ya nane huwa yametimia yote 28. Ni membamba, yana ncha kali, na bado hakuna magego ya nyuma miongoni mwake. Kisha, kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, meno ya mbele huanza kulegea na kung'oka. Chonge hufuata mnamo mwezi wa tano au wa sita, na magego humalizia. Kufikia mwezi wa saba, mbwa wengi huwa na meno yao ya kudumu 42. Wenye mbwa mara nyingi hawaoni hata jino moja lililong'oka, kwa kuwa mtoto hulimeza pamoja na chakula, na hilo halina madhara. Wanachokiona ni doa la damu kwenye mpira wake wa kuchezea, na mtoto asiyetulia.

Hamu ile ya kuguguna, basi, si utundu. Fizi zinawasha na kuuma, na kubana kitu kunamtuliza. Isitoshe, mtoto wa mbwa huujua ulimwengu kwa kinywa chake. Kumnyima kabisa kitu cha kuguguna ni kumsukuma kwenye waya za umeme na viatu, kwa hiyo wanaosema "usimpe chochote" nao hawamsaidii.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni jinsi jino changa lilivyo kwa ndani. Enameli ya mbwa, yaani lile tabaka gumu la nje ya jino, ni nyembamba, kwa kawaida chini ya milimita moja, ilhali ya binadamu huweza kupita milimita mbili kwenye magego. Chini ya enameli kuna dentini, na katikati ya jino kuna tundu linalobeba mishipa ya damu na ya fahamu. Kadiri mbwa anavyokua, dentini hujijenga kwa ndani, ukuta ukaongezeka unene na tundu likasinyaa. Lakini jino la kudumu lililochomoza juzi lina ukuta mwembamba na tundu pana, na hata ncha ya mzizi wake bado iko wazi. Itafunga miezi kadhaa baadaye. Jino hilo ni kama mwanzi: kwa nje limekamilika, ndani kuna uwazi.

Ndiyo sababu kipindi cha miezi mitano hadi kumi kinadanganya sana. Mtoto amerefuka, misuli ya taya imepata nguvu, meno meupe makubwa yamejipanga, na mwenye mbwa anaamini wakati wa vitu vya kitoto umekwisha. Hapo humletea mfupa mgumu kuliko yote aliyowahi kumpa. Nguvu ya kuuma imeshafika wakati jino lenyewe bado halijakomaa.

Na jino la utotoni likivunjika? Wengi husema liache, si litang'oka tu. Sikubaliani. Jino lililovunjika hadi kwenye tundu humuuma mtoto kila anapokula, na tundu lililo wazi ni njia ya bakteria kuingia kwenye taya, mahali ambapo jino la kudumu linaendelea kujengwa. Maambukizi hapo yanaweza kuharibu enameli ya jino ambalo hata halijaonekana. Daktari wa mifugo aliangalie mapema.

Jino huvunjikaje

Taya la mbwa halisagi kwa kwenda kando. Kazi yake kubwa ni kufunga na kufungua. Meno makubwa ya pembeni yameumbwa kukata, la juu likipita kwa nje ya la chini. Mtazame mbwa akipewa kitu kigumu: atakishika kwa miguu ya mbele, atainamisha kichwa, atakipeleka pembeni mwa kinywa. Huko nyuma, karibu na kiungo cha taya, ndiko nguvu ilikojaa.

Kitu kikiwa laini, jino huzama na nguvu ile huishia humo. Kikiwa kigumu kuliko jino linavyoweza kuhimili, nguvu yote hulirudia jino lenyewe. Linaloumia mara nyingi ni lile jino kubwa la juu la pembeni, la nne katika magego ya awali: kibamba cha upande wake wa nje hubanduka, wakati mwingine hadi chini ya fizi, na tundu likabaki wazi. Mbwa halii. Anaendelea kula, pengine kwa upande mmoja tu, na mwenye mbwa hagundui lolote mpaka siku anapoona uvimbe chini ya jicho, ambao kumbe ni usaha uliotoka kwenye mzizi wa jino.

Madaktari wa meno ya wanyama wana vipimo vya ugumu visivyohitaji chombo chochote. Bonyeza kitu kwa ukucha wa kidole gumba. Kisipoacha hata alama, ni kigumu mno. Jaribu kukipinda kwa mikono miwili. Kisipotii hata kidogo, kiache. Au jiulize kama ungekubali kugongwa nacho kwenye goti. Mfupa wa mguu wa ng'ombe, uwe mbichi au mkavu, hushindwa vipimo vyote vitatu. Hushindwa pia kwato, pembe za kulungu zinazouzwa zikiwa zimekatwa vipande, vijiti vya nailoni ngumu vyenye harufu ya nyama, na hata donge la barafu ambalo watu humpa mtoto kwa nia njema ili kupoza fizi. Vipimo hivi ninaviamini kuliko maandishi ya pakiti, kwa sababu pakiti haijui umri wa mbwa wako.

Hapa ndipo watu huleta hoja ya mbwa mwitu: mbona wao huvunja mifupa porini? Huvunja, na meno yao huvunjika pia. Watafiti waliochunguza mafuvu ya wanyama walao nyama wamekuta meno yaliyovunjika ni jambo la kawaida, hasa kwa wale wanaokula mifupa sana kama fisi. Porini mnyama mwenye jino bovu huishi na maumivu hayo au hufa mapema, wala hakuna anayemhesabu. Halafu tuangalie watoto wao: mbwa mwitu mdogo hapewi mfupa wa paja la mnyama mkubwa kuwa chakula cha kuanzia. Wakubwa humcheulia nyama iliyokwisha lainika tumboni. Tukitaka kuiga maumbile, tuanzie hapo.

Mfupa uliopitia moto

Mfupa umejengwa kwa madini magumu, nyuzi za kolajeni na maji. Madini huupa ugumu. Kolajeni na maji huufanya ustahimili kupinda bila kukatika. Joto hukausha maji na kuharibu kolajeni, madini yakabaki karibu peke yake. Mfupa wa namna hiyo haupindi. Hupasuka, tena kwa vibanzi virefu vyenye ncha.

Hilo watu wengi wanalijua kuhusu mfupa wa kuku uliobaki mezani. Wasichounganisha ni kwamba mfupa unaouzwa kwenye pakiti, unaokaa rafuni miezi bila jokofu, nao umepitia moto: umeokwa, umekaushwa au umefukizwa moshi. Harufu ya nyama na rangi nzuri haviondoi ukweli huo. Mwaka 2017, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mahususi kuhusu mifupa ya aina hii ya dukani baada ya kupokea taarifa zipatazo 68 za mbwa waliougua. Mbwa wapatao 15 waliripotiwa kufa. Yaliyotajwa ni pamoja na kukabwa, kuziba kwa utumbo, majeraha ya kinywa na koo, kutapika, na damu kutoka kwenye njia ya haja kubwa.

Ukifuata safari ya kipande kilichomezwa utaelewa kwa nini orodha ni ndefu hivyo. Kwanza ni umio, ambao una sehemu zinazobana: pale unapoingia kifuani, pale unapopita juu ya moyo, na pale karibu na kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kipande chenye pembe kikikwama mojawapo ya sehemu hizo, hukandamiza ukuta wa umio kutoka ndani, na ukuta huo unaweza kutoboka. Umio wa mtoto ni mwembamba, kwa hiyo kipande kinachompita mbwa mzima bila kujulikana humkwamia yeye. Kikifika tumboni, asidi huyeyusha sehemu kubwa ya mfupa, lakini si mara zote kwa haraka inayotosha. Vibanzi vikiingia utumboni vinaweza kuukwaruza, kuutoboa au kuuziba. Na hata mfupa uliosagika vizuri una kero yake mwishoni: hugeuka unga mkavu unaogandamana, mtoto akajikamua kwa maumivu na kutoa kinyesi cheupe kinachomeguka, au asitoe kabisa.

Kuna pia mfupa uliokatwa duara, wenye tundu la uboho katikati. Mtoto huingiza ulimi kutafuta uboho, pete ile ikateleza juu ya taya la chini na kukwama nyuma ya chonge. Mara nyingi kuitoa huhitaji mbwa alazwe kwa dawa na pete ikatwe. Umbo hilo mimi nisingelileta nyumbani kwa mbwa wa umri wowote.

Mbichi je?

Wanaoutetea mfupa mbichi wana haki kwa jambo moja: kolajeni yake haijaharibiwa, hivyo haupasuki ovyo kama uliopikwa. Lakini ubichi haupunguzi ugumu wa mfupa wa mguu wa mnyama mkubwa. Jino litakalovunjika kwa mfupa mkavu laweza kuvunjika kwa mbichi pia.

Kisha kuna vimelea. Nyama na mifupa mibichi huweza kubeba salmonela, kampilobakta, listeria na aina hatari za E. koli. Kugandisha kwenye friza hakuviui kwa uhakika, hulala tu. Kinga ya mtoto wa mbwa bado inajengwa, na hata asipoonyesha dalili anaweza kuvitoa kwenye kinyesi na mate yake, akaramba uso wa mtoto anayetambaa, akauburura mfupa kwenye zulia. Nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu haipaswi kujitia katika hatari hiyo kwa ajili ya kitu cha kuguguna. Kwa kuku mbichi kuna la ziada: utafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne uliochapishwa mwaka 2018 ulihusisha ulaji wa kuku mbichi, hasa shingo, na ugonjwa wa neva unaowalegeza mbwa miguu hadi kupooza, huku kampilobakta ikishukiwa kuwa kichocheo.

Jambo la tatu husahaulika kabisa, nalo linawagusa watoto wa mbwa peke yao. Watu humpa mtoto mfupa wakidhani unamjengea mifupa. Chakula kamili cha watoto wa mbwa tayari kina kalsiamu ya kutosha, na kwa wale watakaokuwa wakubwa, kuzidisha ni hatari. Katika miezi yake ya mwanzo, hasa kabla ya sita, utumbo wa mtoto hauwezi kuikataa vizuri kalsiamu iliyozidi. Huipokea tu, na ukuaji wa mifupa na viungo ukavurugika. Majaribio yaliyofanywa kwa watoto wa Great Dane, aina ya mbwa wakubwa sana, yalionyesha hivyo: waliopewa kalsiamu nyingi walipata kasoro za mifupa. Ndiyo maana viwango vya AAFCO, chombo cha Marekani kinachoweka vipimo vya vyakula vya wanyama, vinaweka kikomo cha kalsiamu cha asilimia 1.8 ya chakula kikihesabiwa bila maji yake kwa watoto watakaofikia kilo 32 hivi au zaidi, wakati kwa wengine ni asilimia 2.5. Mfupa unaoliwa kila siku haumo katika hesabu hiyo.

Uboho nao umejaa mafuta. Kwa tumbo dogo lisilozoea, matokeo yake ni kuhara, na mafuta mengi kwa ghafla huweza kuchochea uvimbe wa kongosho.

Vile vinavyouzwa badala ya mfupa

Ngozi iliyokaushwa na kufungwa fundo yenye umbo la mfupa ndiyo inayowavutia wengi, kwa kuwa huonekana laini. Ni tabaka la ndani la ngozi ya ng'ombe, lisafishwalo na kukaushwa. Mtoto akiilowesha kwa mate hulainika, na shida huanzia hapo: huvuta tonge zima linaloteleza na kulimeza bila kulitafuna. Ngozi hiyo huyeyuka polepole sana tumboni, na huvimba inapolowa. Meno haiyavunji kirahisi, lakini kwa mtoto mlafi ni kitu cha kukaba na cha kuziba utumbo. Simshauri mtu kumpa mtoto wa mbwa.

Masikio ya nguruwe yaliyokaushwa hulainika pia, ila mwaka 2019 nchini Marekani watu zaidi ya 150 waliugua salmonela iliyohusishwa nayo. Walioambukizwa hapo ni binadamu, wengine walioyashika tu au kuwashika mbwa waliokuwa nayo. Uume wa fahali uliokaushwa hupinda kidogo na huyeyuka vizuri kuliko ngozi, na kati ya vitu vya asili ni miongoni mwa visivyo na ukali kwa meno. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walipopima vijiti 26 vya aina hiyo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, walikuta kalori 9 hadi 22 kwa kila inchi, na baadhi vilikuwa na bakteria. Kwa mtoto mdogo kijiti kimoja kinaweza kula sehemu kubwa ya chakula chake cha siku, wakati kanuni inayokubalika ni kwamba vitu vya ziada visizidi asilimia 10 ya kalori zote.

Utaona pia muhuri wa VOHC, baraza la afya ya kinywa cha wanyama, kwenye baadhi ya vitafunwa vya meno. Baraza hilo, lililoundwa mwaka 1997, huthibitisha kwamba bidhaa inapunguza utando au ukoga mgumu kwenye meno. Ni jambo jema kwa mbwa mzima, lakini muhuri haukuambii kama kitu kinamfaa mtoto. Vitafunwa vingi vya namna hiyo vimeandikiwa mbwa wa miezi sita na kuendelea, kwa hiyo soma umri na uzito ulioandikwa nyuma ya pakiti.

Basi apewe nini

Tangu anapofika nyumbani hadi karibu miezi minne, chaguo langu la kwanza ni mpira laini uliotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa, ule unaobonyea ukiuminya. Wenye tundu katikati ni bora zaidi: utie chakula chake mwenyewe kilicholoweshwa, uugandishe, na atatulia nao kwa muda mrefu huku ubaridi ukipoza fizi. Punguza kiasi hicho kwenye mlo wake. Ukitumia siagi ya karanga, hakikisha haina xylitol, sukari mbadala inayoweza kumuua mbwa hata kwa kiasi kidogo. Kitambaa kinene kilicholoweshwa, kikafungwa fundo na kupozwa kwenye friza, hufanya kazi vizuri sana kipindi fizi zinapouma, ila ukitoe mara nyuzi zinapoanza kuchomoka, maana uzi uliomezwa huweza kukunja utumbo. Karoti nene iliyopozwa kwenye jokofu humfaa pia ukiwa umekaa naye. Ikibaki ncha fupi, ichukue.

Kati ya miezi minne na saba, meno yanapobadilika, mambo hayabadiliki sana isipokuwa ukubwa na unene wa mpira, kwa sababu taya limepata nguvu na ule wa kwanza ataumega. Usimvute kwa nguvu anapong'ang'ania kamba. Kuna meno yanayolegea na mengine yanayochomoza. Mkague kinywa mara kwa mara. Ukiona chonge mbili zimesimama sehemu moja, ya utotoni na ya kudumu, mwonyeshe daktari, kwani ile ya zamani isipotoka huisukuma mpya ikae vibaya.

Baada ya miezi saba anaweza kupewa mipira migumu zaidi na vitafunwa vya umri wake, kipimo cha ukucha kikiendelea kutumika. Mfupa halisi? Sioni faida yake inayozidi hatari, na anayeshikilia lazima aupate walau asubiri mbwa apite mwaka mmoja na daktari aangalie meno kwanza.

Ukubwa ni rahisi kuuhukumu: kitu kisiingie chote kinywani, na kiwe kirefu kiasi kwamba akikishika katikati ncha zote mbili zinabaki nje. Kadiri kinavyoisha kinasogelea saizi ya kumezwa. Kipande cha mwisho ndicho hatari kuliko vyote, nacho ndicho ambacho mtoto hataki kukitoa.

Hapo malezi yanaingia katika usalama kuliko watu wanavyodhani. Mtoto anayenyang'anywa kitu kila mara hujifunza somo moja: mtu akikaribia, meza upesi. Huyo ndiye anayekabwa. Mwenzake aliyezoeshwa kubadilishana, akipewa kipande cha kitu kitamu zaidi kila anapoachia, huja mwenyewe na kukitema. Zoezi hili lianze mapema, kwa vitu visivyo na thamani kwake, na mara nyingine umrudishie kilekile alichokitema, ili aone kwamba kuachia hakumpotezei. Kama kuna mbwa wawili, kila mmoja awe na chumba chake wakati huo, kwani mashindano nayo humfanya mtoto ameze haraka. Dakika 10 hadi 15 kwa mara moja zinatosha, mtu mzima akiwapo. Mtoto wa binadamu asikaribie mbwa anayeguguna.

Mambo yakiharibika

Mtoto aliyekwamiwa hujikuna kinywa kwa mguu, hutokwa mate, humeza tena na tena pasipo kitu, hunyoosha shingo au hujaribu kutapika bila kutoa kitu. Akishindwa kupumua na fizi zikageuka rangi ya bluu, ni dharura ya dakika, si ya saa. Dalili za tumboni huja taratibu: kutapika kunakorudi, kukataa chakula, tumbo linalouma akiguswa, kujikamua bila kutoa choo, au kinyesi cheusi kinachonata. Hata moja ya hizo ikitokea ndani ya siku chache baada ya kuguguna kitu kigumu, mpigie daktari simu siku hiyohiyo.

Usimtapishe mwenyewe. Kibanzi kilichoshuka bila kuchoma kinaweza kuchoma kinaporudi juu. Usimpe mkate au mafuta kwa matumaini kwamba vitakisukuma, na ukiona uzi umening'inia kinywani au nyuma, usiuvute.

Ukienda kliniki, beba kipande kilichobaki na pakiti yake, na ujue saa aliyokimeza. Mfupa huonekana kwenye eksirei, lakini ngozi iliyokaushwa, kitambaa na mpira mara nyingi havionekani vizuri, na daktari aliyeshika kipande mkononi atajua kama atafute kwa picha hiyo, kwa ultrasaundi, au aingize kamera moja kwa moja.